Ukoo wa Muhogo na Mpira

Baba yetu alikuwa mtu wa kuja. Kijijini kwetu hilo halikuwa tusi, ilikuwa hali tu ya mwanamume aliyeoa. Kwetu, upande wa Nanyamba, mume ndiye aliyehamia kwa mke. Nyumba ilikuwa ya Mama, shamba lilikuwa la Bibi mzaa Mama, na sisi watoto tulikuwa wa ukoo wa Mama, chini ya Mjomba, kaka yake Mama, ambaye ndiye aliyeamua nani alime wapi na nani aozwe kwa nani. Baba alilima, alijenga, alileta samaki wakavu kutoka Mikindani kila alipopata kibarua huko, lakini kwenye kikao cha ukoo neno lake lilikuja mwisho, watu wakiwa wameshaanza kukunja mikeka.

Kabla ya kumwoa Mama alikuwa amekwenda mbali. Alifanya kazi miaka kadhaa kwenye milima ya upande wa Tanga, katika bustani ya serikali ambako Wazungu walikuwa wanatafuta dawa ya ugonjwa wa mihogo. Wengine waliokwenda kaskazini walirudi na cherehani au baiskeli. Baba alirudi katika miaka ya mwanzo ya vita vya pili vya dunia na blanketi, kikombe cha bati, na kazi moja ambayo hakuna mtu kijijini aliyeiomba. Alikuwa anajua kuoza maua, yaani kuyafungisha ndoa.

Mtu ambaye hajalima muhogo upande wetu hawezi kujua ugonjwa ule ulivyokuwa mnafiki. Shina linasimama vizuri, majani mabichi, unapita shambani moyo umetulia. Ukichimba, muhogo wenyewe ni mnene. Ukiukata, ndani una madoa ya kahawia, makavu na magumu, na mahali pengine umeoza kabisa hata mbuzi anageuza uso. Mama alikuwa akichimba shina moja, akikata, akitupa, anahamia la pili. Watu wakaanza kuchimba mapema, mihogo ikiwa bado vidole, ili waiwahi kabla haijaharibika, na kwa hiyo njaa nayo ikaja mapema. Wengine walisema ardhi imechoka. Wengine walimtazama jirani kwa jicho baya. Mjomba alisema ni uvivu wa wanawake, kwa sababu Mjomba kila jambo lililomshinda alilikuta limefanywa na wanawake.

Baba alisema ugonjwa unatembea ndani ya pingili. Alituambia sisi watoto, tumekaa naye kando ya shamba, ameshika kipande cha shina alichokikata kwa ajili ya kupanda. "Mnaona hiki? Watu wanakiita mbegu. Siyo mbegu. Ukipanda pingili hupati mtoto, unampata yule yule mama, na kikohozi chake kile kile. Bibi yenu alipewa shina hili na bibi yake. Ni mtu mmoja tu, amezeeka, anaumwa, na sisi tunamkata vipande tunamzika upya kila mwaka." Mbegu ya kweli, alisema, inatoka kwenye ua, na ua lina mama na baba.

Hapo ndipo alipoanza habari za ukoo. Siku za Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini wakikaa kupiga soga, yeye alituchukua mimi na kaka yangu tukazunguka kutafuta matunda. Hayakuwa matunda ya kula. Alichuma tunda la mnyonyo lenye miiba, tunda la mbono uliopandwa uani kama uzio, tunda dogo la muhogo ambalo watu wengi hawajawahi hata kuliangalia, na tunda la mpira, yaani ule mti ambao Mjerumani aliupanda kwa ajili ya utomvu wake. Akayapasua yote kwa kisu, akatupa tuhesabu vyumba vya ndani. Kila moja lilikuwa na vyumba vitatu, na kila chumba kilikuwa na mbegu yake. "Usimtambue mtu kwa kimo wala kwa nguo," alisema. "Majani ni nguo tu. Mti ukihamia pakavu unabadilisha majani, ukihamia msituni unarefuka, ukikaa sana na mbuzi unaota sumu. Lakini ua na tunda ndipo ukoo ulipojificha."

Hata mnyaa, ule wenye vijiti vya kijani visivyo na majani, ambao tulikatazwa kuuvunja maziwa yake yasije kutupofusha, alisema ni wa ukoo huo huo. Kaka yangu alicheka sana. Mnyaa na muhogo ndugu? Baba akaeleza kwamba zamani, kabla hakujawa na mtu wa kuita kitu chochote jina, palikuwa na bibi mmoja wa miti hiyo yote. Watoto wake wakatawanyika. Kila kizazi mmoja wao alizaliwa tofauti kidogo na wenzake, na palipokuwa na ukame akabaki yule aliyeweza kiu, na palipokuwa na kivuli akabaki yule aliyejua kurefuka kufuata jua. Hakuna aliyeamua. Wengi walikufa bila kuacha kitu, na waliobaki wakazidi kutofautiana mpaka ndugu wakapotezana nyuso. Muhogo na mpira wao walitawanyika karibuni tu, kwa hesabu za miti, huko ng'ambo walikotoka, ndiyo maana bado wanaweza kuoana na kuzaa. Nimesoma baadaye vitabu viwili vitatu juu ya mambo haya, na sijaona mahali ambapo Baba alitudanganya.

Mpira ulikuwa hauugui ule ugonjwa, au uliugua bila kujali. Hiyo ndiyo ilikuwa hamu yote ya Baba. Alitaka kumwoza muhogo wetu mgonjwa kwa ndugu yake mwenye afya, apate watoto wenye ladha ya mama na mwili wa baba. Mipira ilikuwepo, katika shamba la zamani la Mjerumani njia ya Mikindani, imeota ovyo na vichaka vimeimeza. Wakati wa vita ilikuwa imekumbukwa ikagemwa tena, kisha ikasahauliwa. Watu walichuma majani yake tu kwa kisamvu. Kilichokosekana ni kipande cha ardhi, na ardhi Baba hakuwa nayo.

Alimwomba Mjomba. Mjomba akamwambia, "Shemeji, ardhi hii inalisha watoto wako. Unataka tuwape maua wale?" Watu wakacheka, na Baba naye akacheka, kwa kuwa shemeji akicheka na wewe unacheka. Aliyempa ni Bibi. Bibi alikuwa mkali, midomo yake imetoboka mahali pa ndonya aliyokwisha kuivua, na hakupenda watu wapige kelele mbele yake. Alisema kuna kipande kule nyuma ya mikorosho, si kizuri, mkwe akichukue afanye mambo yake mpaka yeye atakapokufa. Ndivyo alivyosema, mpaka nitakapokufa, na hakuna aliyelitilia maanani, kwa sababu wazee wote husema hivyo.

Nilikuwa mtoto wa kike wa kuteka maji wakati ule, na njia yangu ya kisimani ilipita pale. Nilimwona Baba jua la saa sita, wakati ambapo watu wenye akili wamelala, amesimama katikati ya mihogo akiyachungulia maua. Maua ya muhogo ni madogo, hayana fahari yoyote. Ya kike yako chini ya kikonyo, ya kiume yako juu, na ya kike hufunguka kwanza. Aliyafunika ya kike kabla hayajafunguka, kwa vifuko vidogo vya bafta alivyoshona mwenyewe, nyuki wasije wakamtangulia. Kisha alikwenda kwenye mipira, akapanda, akachuma maua ya kiume, akarudi mbio huku ameyaficha ndani ya kofia, akafungua kifuko, akagusisha ua kwa ua, akafunga tena.

Utani alioupata kwa vile vifuko ulitosha kujaza pakacha. Walisema anayavisha maua suruali. Wanawake walipopita walimwuliza mahari imefika, na kama mwali amechezwa ngoma. Mzee mmoja aliyesomesha watoto Kurani chuoni alimwuliza kwa uzito kabisa kama ndoa ile ina mashahidi. Baba hakukasirika hata siku moja. Aliwajibu, "Mama yake ni muhogo. Kwa desturi yenu nyinyi mtoto ni wa kwa mama, kwa hiyo huyu atakuwa muhogo, tena wa ukoo wenu. Mnacheka nini?" Mama aliona aibu. Alimpenda, naamini hivyo, lakini kuolewa na mtu anayechekwa ni kazi, na Mama alikuwa amechoka kwa kazi nyingine.

Watoto wale wa muhogo na mpira walipokuja juu walikuwa warefu, mashina mekundu, majani mapana, wala hapakuwa na doa. Mtu yeyote angesema ni mihogo ya ajabu. Na hapo ndipo lilipokuwa kosa, ingawa sijui nilibandike kwa nani. Baba alijua kwamba mizizi ya kizazi kile cha kwanza haiwezi kulika. Ingekuwa migumu kama kuni na michungu, kwa sababu damu ya mpira ilikuwa bado nyingi. Kule bustanini alikofanya kazi waliwaoza wale watoto tena kwa muhogo, na wajukuu tena kwa muhogo, mpaka ukali wa mpira ukapungua na afya yake ikabaki. "Hawa ni wa kuzaa tu," alituambia. "Wa kula ni wajukuu zao, au vitukuu." Alituambia sisi. Mimi na kaka yangu tulijua, kama tulivyojua vyumba vitatu vya tunda. Lakini kwenye kikao cha ukoo hakusimama hata mara moja kulieleza hilo, kwa sababu nani angemsikiliza mkwe akiwaeleza wenye shamba kwamba mihogo yake mizuri kuliko yote si ya kula? Alikuwa anasubiri awe na kitukuu mkononi, amchemshe, amweke mbele ya Mjomba. Inaniuma kwamba aliyoyajua aliyaweka kwa watoto wawili wasio na sauti.

Basi akaanza ndoa ya pili. Vifuko vikarudi, sasa juu ya maua ya wale warefu, na matunda yakaanza kufunga ndani yake. Alikuwa akipita alfajiri kila alipoondoka kwenda Mtwara, ambako bandari ilikuwa inajengwa na vibarua walihitajika, na akirudi baada ya siku kadhaa alipita tena. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba mwaka ule ukipita salama ataacha kibarua. Ataomba kipande kikubwa, na watu watakuja kumwomba mbegu. Alisema hivyo kwa aibu, akiwa ameuinamia mguu wake anatoa mwiba. Nadhani hakuwa anataka kusifiwa. Alitaka tu, kabla hajazeeka, awe na kitu mahali pale ambacho wasingeweza kusema ni cha kwao.

Bibi alifariki wakati wa mvua, katika miezi ile ambayo makopa, ile mihogo mikavu, yamekwisha kwenye vihenge na mapya bado. Alifariki asubuhi, na habari ikaenda haraka hadi Mtawanya na ng'ambo ya huko, kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa. Watu wakaanza kumiminika. Kwetu wakwe wa nyumba ndio wanaoshika majembe makaburini, na Baba alikuwa mkwe wa kwanza. Alitoka mapema na wenzake. Udongo ulikuwa umejaa maji, kuta za kaburi zilianguka wakaanza upya, na walichelewa sana.

Nyumbani hapakuwa na chakula cha kuwapa watu. Mama na dada zake walichimba shamba la Bibi, wakakata, wakatupa, wakachimba, wakatupa. Wageni wanaona. Hakuna fedheha kubwa kuliko hiyo, matanga ya mama mzazi na wageni wanakuona ukitupa mihogo iliyooza. Mjomba akatembea mwenyewe kutafuta, na akakifikia kile kipande nyuma ya mikorosho. Akaiona mihogo mirefu, ya kijani, isiyo na doa. Nilikuwa nyuma yake na ndoo kichwani, na kaka yangu alikuwa pale.

Kaka yangu alisema, "Mjomba, hiyo siyo ya kula. Baba amesema ni ya kuzaa tu."

"Ni ya nani?" Mjomba akamwuliza.

"Ya Baba."

"Baba yako ana shamba hapa?"

Na Mjomba, namtendea haki ingawa sipendi, hakuwa mwizi. Aliyempa Baba kile kipande amekufa, na maneno yake mwenyewe yalisema mpaka atakapokufa. Kwa sheria yetu ardhi ilikuwa imerudi asubuhi ile. Aliwaita vijana wakang'oa. Ilichukua nguvu za watu wawili kwa shina moja. Mizizi ilipotoka ilikuwa mirefu, myembamba, yenye nyuzi. Mjomba akamenya mmoja, akauma, akatema, akasukutua mdomo kwa maji ya ndoo yangu.

"Huu umefuata kwa baba yake," alisema.

Watu walicheka, msibani, kidogo kidogo kwa kuficha midomo. Baadaye mtu mmoja akaona kwamba mizizi ile ina kazi nyingine. Kuni karibu zote zilikuwa zimelowa na sufuria zilikuwa zinasubiri wali, kwa kuwa mwenye duka Mhindi alikuwa amekubali kutoa gunia la mchele kwa mkopo. Wakaikata ile mizizi pamoja na mashina yake, wakaichomeka chini ya kuni kavu chache zilizokuwepo. Mashina yenye damu ya mpira yana utomvu, yakipata moto hayazimiki. Wali ukaiva vizuri, watu walikula wakashiba.

Baba alirudi kutoka makaburini ana udongo mpaka magotini. Alikuwa amemlaza ndani ya kaburi, kwa mikono yake, mtu mzima pekee aliyewahi kumpa kitu pale. Hakuna aliyemwambia. Alikwenda mwenyewe nyuma ya mikorosho, nadhani ili akae peke yake kidogo, akarudi akasimama karibu na mafiga akiangalia vipande vya mashina mekundu vilivyobaki pembeni. Mama alimwona. Akaingia ndani, akatoka na kifurushi kimekunjwa vizuri.

"Baba watoto," alimwambia, "vitambaa vyako nimekuwekea. Vyote. Nimevifua."

Alikuwa amevivua kutoka kwenye maua, kimoja kimoja, akakung'uta matunda mabichi yaliyokuwa ndani, akafua. Aliona bafta ni bafta. Alitaka angalau kitu chake kimoja kisipotee, na ndani ya haraka ile yote ya msiba alikumbuka kufanya hivyo, na mpaka leo sijui kama niseme hiyo ilikuwa huruma au niseme nini. Baba alivipokea. Alisema, "Ahsante, mama watoto," akaenda kunawa.

Alikaa mpaka arobaini ikasomwa, kama inavyompasa mkwe. Baada ya hapo akamwomba Mjomba kipande kingine, mara hii akieleza kila kitu, mama na mtoto na mjukuu, kikao kizima kikimsikia. Alieleza vibaya. Alikuwa amezoea kueleza watoto. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, ardhi ya kuotesha kuni sina." Basi Baba akasema anakwenda kumtazama dada yake kule mdomoni mwa Ruvuma, ambaye alikuwa anaumwa. Dada yake alikuwa anaumwa kweli. Alipona, na Baba hakurudi. Mwaka uliofuata walikuja wazee wawili wakaongea na Mjomba, na Mama akaambiwa yuko huru.

Mama hakumlaani. Aliendelea kupanda pingili zile zile, kukata, kutupa. Mara moja nilimkuta amesimama kwenye kile kipande nyuma ya mikorosho, ambako Mjomba alikuwa amepanda mikorosho zaidi, na nilipomwuliza anatafuta nini alisema anatafuta kuni. Sisi hatukumzungumzia Baba. Kaka yangu alikwenda kufanya kazi bandarini na hakutaka kusikia habari za shamba tena. Sikumlaumu, ndiye aliyeulizwa swali na Mjomba.

Nilikwenda kwa Baba nikiwa nimeshaolewa, miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru, wakati hata vijijini watu walikuwa wanazungumza siasa kuliko mazao. Nilipata lori mpaka Mtwara, kisha nikatembea na akina mama waliokuwa wanakwenda kuchukua chumvi, njia ya mchanga, mpaka penye mikoko na mashamba ya mpunga. Nyumba ya Shangazi ilikuwa juu kidogo, mahali ambapo maji ya mto hayafiki. Watoto wa Shangazi walinipokea kwa utani wa binamu, wakasema nimekuja kuolewa maana huyo niliye naye hanilishi. Nilikuwa nacheka mpaka nilipotazama nyuma ya nyumba.

Mihogo ilikuwa mingi. Mashina yake yalikuwa na wekundu kidogo sana. Majani yalikuwa mapana bila doa. Mbele ya nyumba ulisimama mpira mmoja, mti mzima, na nilielewa kwamba alipoondoka kwetu mfuko wake haukuwa mtupu, ulibeba mbegu za mpira na pingili zetu.

Usiku ule tulikula muhogo wa kuchemsha na samaki. Niliukata wangu kabla ya kula, kwa mazoea, kama sisi wote tulivyokuwa tunakata. Ulikuwa mweupe mpaka katikati. Watoto wa Shangazi hawakukata, waliuma tu. Hawakuwa na sababu ya kukata. Baba alikuwa ameota mvi, ana afya, na watu wote pale walimwita Mjomba, kwa heshima ile ile ambayo sisi tulimwita yule wa kwetu.

Asubuhi tulitembea naye shambani. Alinieleza ni kizazi cha ngapi na wapi alikosea, na macho yake yalikuwa yale yale ya saa sita ya mchana. Nikamwuliza kile kilichonileta, kwa nini hakutuletea. Hata fungu moja la pingili.

"Kwenu niliomba kipande mara mbili," alisema. "Mara ya tatu ningekuwa najidhalilisha."

"Lakini sisi ni watoto wako, Baba."

"Ninyi ni watoto wangu. Hata mimi najua." Akainama kung'oa jani la magugu. "Lakini shamba hili ni la dada yangu. Na hii mihogo ni ya watoto wake. Ndivyo tulivyo, kwenu na kwetu. Ukitaka pingili, mwanangu, usiniombe mimi. Waombe wenyewe."

Nilitaka kukasirika, na mimi kukasirika si kazi ngumu, lakini sikuona pa kuanzia. Niliwaendea binamu zangu nikaomba. Walinipa zaidi ya nilivyoomba, mafungu mawili yaliyofungwa kwa kamba za ukindu, wakanisindikiza mpaka njiani wakinitania kwamba hayo ndiyo mahari. Ukarimu wao ulinichoma kuliko kama wangeninyima. Baba alisimama mlangoni. Hakuuliza habari za Mama, na mimi niliyejiandaa kwa jibu safari nzima nikarudi nalo.

Mama alizipokea pingili. Alizipanda mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Zilipokomaa alichimba, akachemsha, akamwita Mjomba, ambaye sasa alikuwa mzee na macho yamefifia. Mjomba akala kipande, akala cha pili. Akasema muhogo huu una unga mzuri, haujawahi kuliwa hapa, umetoka wapi?

"Ndiyo ule aliokuwa anauhangaikia baba yao," Mama akasema.

Mjomba akatafuna taratibu. "Kumbe," akasema. "Basi ni wetu. Mwali alitoka hapa, mama yake ni muhogo wetu."

"Siyo wetu," Mama akamjibu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia akimkatalia kaka yake neno. "Ni wa watoto wa dada yake. Sisi tumeomba."

Mjomba alinyoosha sahani aongezwe, na Mama akamwongeza.